Yaya, Radi Imeua Kompyuta Yangu

Mdogo wangu wa Mangobo, barua yako naijibu kabla ya nyingine zote, kwa sababu una haraka ya kweli. Mvua ya usiku ilipiga na radi zake, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Asubuhi kompyuta ya mezani aliyokuachia kaka yako ikakataa kuwaka. Hakuna taa, hakuna sauti ya feni, kimya kabisa. Fundi wa kwanza amesema bodi mama imeungua, ununue mashine nyingine. Wa pili anataka umpelekee aifomati. Ndani yake kuna mémoire yako ya Chuo Kikuu cha Kisangani, na nakala nyingine huna. Unaniuliza, "Yaya, nimfuate nani?"

Kwa leo usimfuate yeyote kati yao. Mmoja amehukumu kwa kuitazama tu, hakupima chochote. Mwingine anataka kufuta kitu kile kile unachokililia. Mashine isiyowaka kabisa haiponi kwa kufomatiwa. Kufomati ni kusafisha diski, na ugonjwa wako hauonyeshi dalili hata moja ya kuwa kwenye diski. Umeme mkali unapoingia kwa njia ya ukutani hukutana kwanza na kisanduku kinachoipa mashine umeme, kile ambacho mafundi wetu wanakiita alimantasio, na mara nyingi madhara huishia hapo. Kwa hiyo nakuambia kwa moyo wote: uwezekano ni mkubwa kwamba kazi yako ipo, nzima, inasubiri kutolewa. Tatizo lako kubwa sasa ni mikono ya watu wenye haraka.

Chomoa waya wa kompyuta ukutani, kama bado haujachomolewa. Kisha, kabla ya kuilaumu mashine, ulaumu ukuta kwanza. Chukua taa ya bei ndogo, ile ambayo ikiungua hutalia, uichomeke pale pale kompyuta ilipokuwa. Usijaribu kwa simu yako. Taa ikikataa kuwaka, huenda kasoro ni soketi tu au disjonteri, ile swichi ya kinga ya nyumba, iliyojishusha usiku. Ikiwaka kwa mwanga wa kawaida, endelea. Lakini ikiwaka kwa ukali usio wa kawaida, au feni inazunguka kwa kasi ya ajabu, au kwako kunawaka sana huku kwa jirani taa zinafifia, zima disjonteri kuu ya nyumba mara moja.

Hapo naomba unisikilize vizuri, maana jambo hili linaunguza vyombo vingi mjini na watu husingizia radi. Umeme wa barabarani kwetu unakuja kwa nyaya tatu zenye moto na mmoja wa nyutro. Kati ya waya wenye moto na nyutro kuna volti 220, ndizo unazopata nyumbani. Kati ya nyaya mbili zenye moto kuna volti 380. Upepo wa mvua ukiangusha tawi juu ya laini na kukata ule wa nyutro, nyumba zinaanza kugawana zile 380 bila utaratibu: yenye vyombo vingi inapata kidogo, yenye vyombo vichache inapata nyingi mno. Nyumba yenye taa mbili na kompyuta moja ndiyo inayoumia. Toeni taarifa kwa SNEL, kampuni ya umeme, waambieni majirani, na waya ulioanguka chini msiusogelee hata kama mtaa mzima hauna umeme.

Tuseme ukuta wako ni mzima. Ondoa kila kitu kilichoshikana na kompyuta: skrini, printa, panya, kibodi, modemu, flashi. Waya wa umeme ukiwa bado umechomolewa, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa nusu dakika, kisha iache mashine ipumzike dakika kumi hivi. Wengine wataona ni uganga. Alimantasio nyingi zina kinga ndani yake: zikiona umeme umezidi zinajifunga, na hazijifungui mpaka chaji iliyobaki ndani iishe. Nimeona mashine zilizotangazwa marehemu zikiamka kwa njia hiyo tu. Ukimaliza, chomeka waya moja kwa moja ukutani. Usipitishe kwenye ralonji, ule waya wa kurefushia, wala stabilizateri, kwa sababu huenda mojawapo ndiyo iliyokufa na kompyuta haina kosa lolote. Angalia pia nyuma ya kasha, kuna swichi ndogo ya kuwasha na kuzima. Utashangaa ni mara ngapi mtu huigusa akichomoa waya gizani.

Ikibaki kimya, azima alimantasio ya kompyuta ya mwenzako wa darasa. Hukazwa kwa skrubu, kwa kawaida nne, na vichwa vya nyaya zake vimeumbwa ili kila kimoja kiingie mahali pake na kwa upande mmoja. Vyote vikiwa vimechomolewa ukutani, gusa chuma cha kasha kwanza ili mwili wako uache chaji yake, ndipo uchomoe na kuchomeka. Hiyo kazi unaiweza. Usichokiweza, na nakukataza kabisa, ni kufungua kisanduku chenyewe cha alimantasio. Mle ndani kuna vitunza chaji vinavyofikia zaidi ya volti 300, na vinaweza kukurusha hata mashine ikiwa imechomolewa. Kukinusa inatosha. Harufu ya plastiki iliyoungua au alama nyeusi kwenye matundu yake ni jibu tosha.

Ikiwaka kwa alimantasio ya kuazima, umepata ugonjwa, na dawa yake inauzwa kwa bei ndogo sana ukilinganisha na mashine nzima. Ikiwaka feni lakini skrini ikabaki nyeusi, tazama kama taa ya skrini yenyewe inawaka, maana nayo ina waya wake wa umeme na huungua peke yake. Kisha, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, toa vibao vya kumbukumbu (RAM) vilivyo kwenye bodi, sugua meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, uvirudishe kimoja kimoja. Hali yetu ya hewa ina unyevu mwingi, meno hayo yanashika kutu hata bila radi. Baada ya yote hayo kushindikana, ndipo mtu anaruhusiwa kutamka neno bodi mama mbele yako.

Na sasa lile ambalo ningependa ulifanye kabla hata ya kuazima chochote: toa diski. Ni kisanduku bapa chenye nyaya mbili, mmoja wa umeme na mmoja wa data, na skrubu chache. Itoe, uifunge kwa kitambaa kikavu, uiweke kabatini. Fundi hahitaji diski yako ili ajue kama bodi inapumua; mashine isiyo na diski inawaka, inaonyesha maandishi ya mwanzo, inalalamika kwamba haioni diski, na hilo linatosha kwa uchunguzi. Mashine iende kwa fundi wa Makiso juu ya baiskeli ya toleka, diski ibaki nyumbani. Akikuambia haiwezekani, chukua kasha lako uende kwa mwingine.

Kisha tafuta mtu mwenye adapta ya kugeuza diski iwe kama flashi kubwa ya USB. Mafundi wengi wanayo, na wapiga picha wa harusi pia. Ichomekeni kwenye kompyuta nyingine nzima, wewe ukiwa umekaa pembeni unatazama, mnakili mémoire kwanza, picha na muziki baadaye. Nakala mbili, mahali pawili. Kompyuta hiyo ikikuuliza kama unataka kuifomati diski, jibu hapana, kila mara. Diski ikitoa sauti ya kugonga-gonga, acha papo hapo, usirudie kuiwasha, kwa sababu kila jaribio linaweza kukwangua zaidi. Isipotoa sauti yoyote na isionekane, bado si mwisho: mara nyingine kinachokuwa kimeungua ni kile kibao cha kijani cha chini yake tu, na mtaalamu wa kuokoa data anaweza kuyafikia maandishi yaliyo ndani. Itakuwa kazi ya gharama, lakini inawezekana mradi hakuna aliyeandika kitu kipya juu yake.

Nimekuona unajilaumu katika barua, kana kwamba uzembe wako ndio ulioita radi. Mdogo wangu, tunaishi chini ya anga lisilo la kawaida. Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha hesabu ya mahali penye radi nyingi zaidi duniani, iliyotokana na vipimo vya chombo cha NASA angani vya kati ya mwaka 1998 na 2013. Mahali pa kwanza duniani ni Ziwa Maracaibo kule Venezuela, wastani wa radi 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Pa pili ni Kabare, Kivu Kusini, 205. Pa tatu ni Kampene, kwa majirani zetu wa Maniema. Bonde letu la Kongo ndilo linaloongoza Afrika. Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, katikati ya msitu na mito, joto la mchana linapandisha unyevu, na alasiri mawingu yanajengeka. Mvua zetu hupungua kidogo Januari na Februari, tena katikati ya mwaka, lakini haziishi. Mtu mwenye kompyuta mjini hapa amechagua kuishi na radi, na anastahili kufundishwa namna ya kuishi nayo. Shuleni mmefundishwa kuandika barua kwa kompyuta, hamkufundishwa wakati wa kuichomoa.

Wala radi haihitaji kupiga paa lako. Ikipiga mbali, juu ya laini au kando yake, nguvu yake inasafiri kwenye waya na kuingia nyumba kwa nyumba. Na umeme unaporudi baada ya kukatika, friji, pampu na pasi za mtaa mzima zinaamka kwa pamoja, volti zinayumba juu na chini kwa muda. Dakika hizo za mwanzo ni za hatari. Kule kukatika, kurudi na kukatika tena ulikoeleza kwa usiku ule kunaweza kuwa ndiko kulikofanya madhara, na radi ikabebeshwa lawama yote.

Papa wa Kabondo, mwenye kibanda cha kuchapisha na kufotokopi, barua yako inafanana na ya mdogo wangu lakini ugonjwa ni mwingine. Kompyuta zako zinawaka vizuri, hati zinafunguka, ila baada ya mvua intaneti imekufa kwenye mbili kati yake, na umeshalipia mtu asakinishe Windows upya bila faida. Papa, radi haikuingia kwa waya wa umeme safari hii. Iliingia kwa waya wa mtandao, ule mrefu unaotoka kwenye dishi juu ya paa, ukapita ruta, ukafika mgongoni mwa kompyuta. Ukichomeka waya huo, tazama zile taa mbili ndogo za tundu lake. Zisipowaka kabisa, na waya huo huo ukiwasha taa kwenye kompyuta nyingine, tundu limeungua. Kuweka Windows mara kumi hakutalifufua. Lakini pia usinunue bodi nyingine: kuna vifaa vidogo vya USB vinavyokupa tundu jipya la mtandao, au vya kupokea Wi-Fi, na mashine inaendelea na kazi yake kama kawaida. Kagua pia matundu ya ruta, moja moja. Mara nyingi hufa mawili na mengine yakapona.

Kuanzia sasa, wingu likijaa upande wa mto, chomoa na waya wa dishi, siyo ule wa umeme peke yake. Watu wengi wanachomoa umeme na kuacha mlango wa pili wazi. Paneli za jua nazo zina nyaya zinazoteremka kutoka juu ya mabati, zihesabu. Fiba yenyewe ni kioo, haipitishi umeme, ila kisanduku kinachoipokea kinakula umeme wa ukutani kama vingine.

Mama wa Lubunga, uliyeandika kwamba bati lilivuja juu ya kompyuta mpakato ya mwanao: mwambie asiiwashe. Hata mara moja, hata "kujaribu tu". Umeme ukipita mahali penye maji ndipo vitu huungua. Maji peke yake huharibu polepole na mtu anaweza kuyawahi. Achomoe chaja, atoe betri kama inatoka, aifungue na kuisimamisha kama hema, kibodi ikitazama chini, mbele ya feni. Siku mbili au tatu. Asiiweke karibu na mbabula, joto la makaa linalegeza plastiki na kuharibu betri, na betri hizo zikiharibika huweza kushika moto. Mchele hausaidii, upikeni. Maji ya paa yamebeba kutu na vumbi, kwa hiyo fundi aifungue na asafishe bodi kwa alkoholi safi ya duka la dawa kabla ya kuiwasha.

Na wote wenye kompyuta mpakato, radi ikipita na mashine haichaji, mshukiwa wa kwanza ni chaja. Imekaa kati ya ukuta na mashine, inapigwa kwanza. Soma maandishi yake: nyingi zinapokea volti 100 hadi 240 na kutoa 19 au karibu na hapo. Azima nyingine yenye volti zile zile na kichwa kile kile, na amperi zisizopungua za kwako. Mashine ikichaji, umemaliza. Kompyuta ikiwa inawaka lakini saa na tarehe zimerudi miaka ya nyuma na kurasa za intaneti zinakataa kufunguka, tafuta betri ndogo ya duara iliyo kwenye bodi, ya volti 3, imeandikwa CR2032. Inabadilishwa kwa bei ya vocha.

Mmeniuliza wengi kuhusu stabilizateri. Nitasema wazi, ingawa wauzaji hawatanipenda: stabilizateri haizuii radi. Kazi yake ni kupandisha volti zikishuka jioni na kuzishusha zikipanda taratibu, na kwa mji wetu hiyo ni kazi ya maana, inunueni. Radi inapita kabla stabilizateri haijabadili volti. Kinachopokea pigo la ghafla ni parafudri, na sehemu yake ya ndani inachakaa kila inapopigwa. Kuna taa ndogo inayoonyesha kama bado inalinda, ikizimika kifaa hicho kimebaki kuwa ralonji ya kawaida. Tena haifanyi kazi yake yote kama nyumba haina waya wa ardhi. Nyumba zetu nyingi hazina. Soketi ina matundu matatu, nyuma yake zimefika nyaya mbili. Mwiteni fundi umeme achimbie fimbo ya shaba mahali penye unyevu na kuiunganisha ipasavyo. Udongo wetu unashika maji, na hilo kwa kazi hii ni faida. Onduleri inakupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Hakuna kifaa hata kimoja kati ya hivi kinachohimili radi inayopiga nyumba yenyewe. Kinachohimili ni waya uliochomolewa, na uchomolewe mapema, mvua ikiwa bado iko ng'ambo. Radi ikishaanza kupiga karibu, usiende kushika waya. Heri kompyuta iungue. Baada ya ngurumo ya mwisho hesabu nusu saa, na umeme ukirudi uupe dakika kumi utulie kabla ya kuchomeka chochote.

Mdogo wangu, mpaka utakapopata adapta, diski ikae kabatini na usimpe mtu akae nayo peke yake, hata awe binamu. Na ninyi wengine mnaonisoma hapa Kisangani, Boyoma yetu, huku kompyuta zenu zikiwa nzima: nakilini kazi zenu leo jioni, moja kwenye flashi itakayolala nyumba nyingine, moja jitumieni kwa barua pepe. Mwenye mémoire aichapishe sura kwa sura kila inapokamilika. Kisha niandikieni, mniambie mashine ilifanya nini hasa, taa zipi ziliwaka, harufu gani ilitoka, na kama mtaa ulikuwa na umeme. Nikijua hayo nitawajibu kwa uhakika zaidi.